Simu ya Kuokota

Kazi yangu ya kwanza ya maana pale Garsen ilikuwa kufuta majina. Kwenye ubao wa kibanda niliandika "Fundi Redio", na redio nilitengeneza kweli, lakini kilichowaleta watu kwangu kutoka Hola mpaka Kipini ni ule ustadi wangu mwingine. Siku hizo mtu akinunua redio, jambo la kwanza alilofanya ni kupasha msumari moto na kuandika jina lake mgongoni mwa redio, na la kijiji chake, wengine mpaka la baba. Redio ikiibwa, jina hilo lilikuwa tatizo la mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye aliyekuja kwangu. Nilikuwa na msasa wa aina tatu, wembe, na rangi nyeusi ya viatu. Nikimaliza, hata mwenyewe angeishika mkononi asiitambue.

Nasema "ikiibwa" kwa sababu sasa mimi ni mtu mzima na sina wa kumficha. Wakati ule neno hilo halikutamkwa sokoni. Vitu vilikuwa "vya kuokota". Saa ya kuokota, tochi ya kuokota, redio ya kaseti ya kuokota na kaseti yenyewe bado iko ndani. Gari likisimamishwa na majambazi kwenye barabara ya Lamu au ya Malindi, baada ya wiki mbili tatu ungewaona watu wengi wenye bahati ya kuokota. Mnunuzi aliuliza tu, "Imeokotwa karibu au mbali?" Ya karibu ilikuwa na hatari, mwenyewe angeweza kupita sokoni akaiona. Ya mbali ilikuwa halali kabisa. Tulicheka sana kwa maneno hayo, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mke wangu hakucheka. Yeye alikuwa mtu wa shamba, mzaliwa wa Idsowe, na aliamini kwamba kitu chenye jina la mtu kina mtu. Akinikasirikia aliacha kuniita kama mke anavyomwita mumewe, akaniita "fundi", kama mteja. Mwaka ninaousimulia aliniita fundi karibu kila siku. Mafuriko ya Elnino yalikuwa yamepita kama miaka miwili hivi, mashamba yalikuwa yamerudi, na sisi tulikuwa tumerudi mjini na kuezeka tena.

Mwaka huohuo basi lilisimamishwa na watu wenye bunduki, si mbali sana na Minjila. Abiria walitawanyika porini. Wengi walirudi barabarani kesho yake wakiwa na miiba miguuni, wakasaidiwa, wakaenda zao. Siku ya tatu wachungaji waliokuwa wakitafuta ng'ombe waliopotea walimkuta mwanamume amekaa.

Neno hilo "amekaa" ndilo lililotusumbua. Alikuwa ameegemea kichuguu, miguu ameinyoosha, mikono ameiweka mapajani. Hakuwa na viatu. Mifuko ya suruali ilikuwa imegeuzwa nje. Hakuwa na jeraha hata moja, si la risasi, si la panga, si la nyoka. Uso wake ulielekea upande wa barabara, ingawa kutoka pale barabara haionekani. Mzee wa Kiorma aliyemkuta alisema alimwamkia mara mbili kabla ya kujua.

Askari walikuja, wakaandika, wakauliza. Hakuna aliyemjua, hakuwa na karatasi yoyote, na joto la kule halingoji. Ikaamuliwa azikwe palepale, kwenye kijilima kisichofikiwa na maji. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba, kwa sababu nilikuwa nimepita Minjila kuchukua redio ya mtu, na mwanamume akipita penye kaburi linalochimbwa hawezi kujifanya hakuona. Kukawa na swali: azikwe kwa dini gani? Wazee wa Kiorma walisema tumzike Kiislamu, tahadhari ni bora. Wazee wetu wa Kipokomo walisema huenda ni Mkristo, mama yake atasemaje? Mwishowe akaoshwa, akalazwa kwa ubavu kuelekea Kibla, wakamsalia. Kisha mwalimu wetu wa kanisa akasimama kando kidogo na kitabu chake naye akasoma. Alipofika mahali pa kutaja jina la marehemu alinyamaza. Tulimngoja. Akainua macho akatutazama mmoja mmoja, kama kwamba kati yetu kulikuwa na anayelijua, halafu akaruka mstari akaendelea.

Wakati wa kumwosha walimtoa mshipi. Kwenye mshipi ulining'inia mfuko mdogo wa ngozi nyeusi, wenye kifuniko cha kubana na pembe moja iliyochakaa, na ulikuwa mtupu. Tuliupitisha mkono kwa mkono. Mmoja alisema ni wa kisu, lakini kisu gani kifupi na kinene namna ile? Mwingine akasema ni wa ugoro. Wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba humo mlikuwa na hirizi, na alipoporwa hirizi ndipo alipokaa chini akafa. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuushika. Yule mzee aliyemkuta akaufunga kwenye pindo la kikoi chake. Akasema atauweka mpaka watu wake waje.

Ulipita kama mwezi. Asubuhi moja alikuja kibandani kijana niliyemfahamu kwa kazi yake tu, mwokotaji hodari, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni hata jua likiwa kali. Aliweka kitu mezani kikiwa kimefungwa ndani ya soksi.

"Imeokotwa mbali," alisema kabla sijauliza.

Ilikuwa simu ya mkono. Nilikuwa nimewahi kuiona moja tu maishani, Mombasa, sikioni mwa mtu aliyekuwa akishuka kwenye gari. Garsen nzima hakukuwa na mtandao wa simu hizo. Palikuwa na simu ya posta, nayo ilikuwa na siku zake. Kijana alikuwa amejaribu kuiuza kwa wiki tatu na kila mtu alimwuliza itafanya nini. Nikampa redio moja niliyokuwa nimeimaliza, mgongo wake ukiwa laini kama yai, akaichukua akaondoka.

Nisidanganye hapa. Nilipoiweka kiganjani nilijua ule mfuko wa ngozi ulikuwa wa nini. Nilijua urefu wake, unene wake, ile pembe iliyokuwa imechakaa upande mmoja. Nilijua, na nikajitia hamnazo. Nilijiambia kwamba simu zote zinafanana, kama kwamba nilikuwa nimeziona mia.

Betri yake ilikuwa imeisha. Nilihangaika nayo siku mbili kwa betri ya gari na nyaya, nikiipunguza nguvu kidogo kidogo nisije nikaiunguza, mpaka ikawaka. Kioo kikawa kijani, na kabla ya kitu kingine chochote kukatokea maneno mawili: NIKO NJIANI. Nilidhani ni jina la kampuni iliyoitengeneza. Niliizima nikaiwasha tena, maneno yakaja yaleyale. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mwenyewe aliyeyaandika, kwa utani wake, ili kila akiiwasha imwambie hivyo. Niligeuza mgongo wake kutafuta jina la kufuta. Hapakuwa na jina. Mgongo ulikuwa safi, na nilibaki nimeshika msasa sina pa kuupitisha.

Siku hiyohiyo, saa kumi na moja kasorobo jioni, ikalia.

Nakumbuka nilivyoruka. Kiti kilianguka. Simu haina mtandao, haina waya, iko juu ya meza ya mbao Garsen, na inalia. Mlio ulikuwa mwembamba na wa haraka, ukikatika na kurudi. Watu wa vibanda vya jirani walikuja mbio. Nikabonyeza huku na huku mpaka ikanyamaza. Kesho yake, saa ileile, ikalia tena. Leo mtoto wa darasa la pili angeniambia kwamba hiyo ni kengele tu ya kumkumbusha mtu jambo, haihitaji mtandao. Sisi hatukujua. Kwetu simu ikilia kuna mtu anayepiga. Kwa nini saa kumi na moja kasorobo, na alikuwa akikumbushwa nini, mpaka leo sijui.

Baada ya wiki moja watu walikuwa wakija kuingoja. Wanaketi kwenye magunia, wanaongea habari za mito na za mvua, na ikikaribia saa wananyamaza bila kuambiwa. Ikilia, mmoja huibonyeza na kuiweka sikioni. Wengi walisema "Halo" mara moja, wakacheka kwa aibu, wakampa mwingine. Lakini kulikuwa na bibi mmoja muuza maembe ambaye hakucheka. Alifunga leso vizuri kwanza, akaishika kwa mikono miwili.

"Halo," alisema. "Sisi wazima huku. Nyinyi huko mko wangapi?"

Akasikiliza kwa muda mrefu. Hakuna aliyekohoa. Kisha akanirudishia simu akasema, "Wamenyamaza tu, lakini wapo." Akachukua beseni lake akaenda. Siku ile niliogopa, na sioni haya kulisema.

Siku ya mnada alikuja yule mzee wa Kiorma, aliyemkuta marehemu. Alikuwa amesikia habari za kitu kinacholia. Aliketi na fimbo yake magotini, akakataa chai, akangoja. Simu ilipolia hakuigusa. Aliitazama mpaka ilipomaliza yenyewe.

"Hii kitu nalia kila siku, fundi?"

"Kila siku, mzee. Saa hii hii."

"Ndama ikifungwa mbali na mamake nalia hivi. Saa ya maziwa tu. Saa ingine nanyamaza." Akafungua pindo la kikoi chake polepole. "Hii nataka mwenyewe."

Akatoa ule mfuko wa ngozi. Hakuniomba ruhusa. Alichukua simu akaisukuma ndani, ikaingia bila kulazimishwa, kifuniko kikabana na kutoa kamlio kadogo. Pembe ya simu ilikaa penye ile pembe iliyochakaa. Nilitazama chini. Wengine waliokuwa pale waliondoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikumbuka kazi aliyoiacha.

"Sikiliza, fundi," alisema. "Ng'ombe ya watu ikiingia boma yangu, mimi nakunywa maziwa yake, sawa, hiyo hakuna shida. Lakini kila kisima mimi nasema: iko ng'ombe kwangu, alama yake iko hivi na hivi. Nasema mpaka mwenyewe anakuja. Ikizaa, na ndama ni yake. Hata miaka mitatu." Alipiga mfuko kwa kidole. "Mimi sijui kusoma. Wewe unajua. Alama ya hii iko ndani. Wewe soma. Ambia watu yake, huyu mtu yenu iko Minjila, tumelaza yeye vizuri, hakuna mnyama imegusa yeye."

"Nitatafuta, mzee," nilisema.

"Nitauliza," alisema. Na kweli, kila siku ya mnada alipita akauliza.

Nilisoma. Kulikuwa na orodha ya majina ndani ya simu, kama thelathini hivi, na kila nikibonyeza lilipanda jingine. Ni ajabu jinsi ilivyonichosha. Mimi niliyekuwa nimefuta majina ya watu miaka minne bila kutetemeka, nilikaa nikisoma haya nikahisi kwamba kibanda kimejaa. Hayakuwa yameandikwa mgongoni mwa kitu. Yalikuja yenyewe, yakawaka, yakaondoka. Karibu na mwisho nikakuta lililosema NYUMBANI. Nikanakili namba yake kwenye karatasi ya sigara nikaitia katika kopo la misumari.

Mke wangu aliikuta siku ya pili. Nikamweleza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumdanganya yule mwanamke kwa zaidi ya siku moja.

"Kumbe unajua ni nani," alisema.

"Sijui ni nani. Najua namba."

"Fundi, kuna mwanamke mahali ambaye kila gari likisimama anatoka mlangoni. Hajui akae eda au asikae, hajui alie au angoje. Wewe unayo namba yake kwenye kopo la misumari, halafu unakaa hapa unakula ugali."

Nilimwambia nitapiga simu posta. Nilienda kweli. Laini ilikuwa imekufa, na karani akasema huenda ikachukua wiki. Nilishukuru. Nilitoka pale nikitembea kwa furaha, na ndiyo furaha ninayoionea aibu zaidi kuliko kosa jingine lolote nililolifanya mwaka ule. Wiki ikapita, na nyingine. Laini ilipofufuka niliambiwa, nikasema nitaenda kesho.

Niliogopa kwa sababu zinazoeleweka. Nikipiga, watauliza nimeipata wapi namba. Nikisema, watakuja na askari, na askari wataikuta meza yangu na msasa wangu. Na kijana mwenye shati la mikono mirefu atajua. Alikuwa ameanza kuketi ng'ambo ya kibanda changu, kwenye kivuli cha duka la mkaa, bila kununua kitu. Siku moja alivuka, akaegemea meza.

"Fundi," alisema kwa upole kabisa, "ile kitu bado inasema?"

"Inalia tu."

"Ikisema maneno, uniambie mimi kwanza."

Alitabasamu, akarudi kivulini. Usingizi ulinipaa siku nyingi baada ya hapo. Nilipomwambia mke wangu nilidhani atanihurumia. Alisema, "Basi itoke humu ndani. Kwa askari, kwa wenyewe, au mtoni, lakini itoke." Alikuwa ameanza kutokuja kibandani jioni.

Nikaamua kwenda Malindi. Tulikuwa tumesikia kwamba mtandao umefika huko. Nilimwambia mke wangu kwamba nitapiga simu kwa watu wa marehemu nikiwa huko, mbali na macho ya yule kijana, nitawaeleza kaburi lilipo na kuwarudishia mali yao. Nilimwambia na mzee. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniombea safari. Kwangu mwenyewe nilikuwa nimejiambia jambo jingine: kwamba Malindi kuna wanunuzi wa simu wasiouliza karibu wala mbali. Nilipanda gari la asubuhi nikiwa na nia zote mbili, na nilikuwa naziacha zigombane zenyewe.

Niseme mapema jinsi ilivyoisha, ili msomaji asidhani nitajisafisha. Simu niliiuza alasiri ya siku hiyohiyo, kwenye duka la saa lililokuwa nyuma ya soko. Mwenye duka aliifungua, akatoa kile kikadi kidogo kilichokuwa ndani, akakivunja kwa koleo bila hata kukitazama, akanipa haki yangu. Ile karatasi ya sigara niliichana darajani siku ya kurudi. Mzee nilimwambia watu wa marehemu wamepatikana, wamepewa habari, wameshukuru. Aliinua mikono akamshukuru Mungu, na kuanzia siku ya mnada iliyofuata hakuuliza tena. Mke wangu nilimwambia maneno hayohayo. Akasema, "Asante, baba," kama anavyosema mke kwa mumewe. Kijilima cha Minjila mpaka leo hakina kibao.

Lakini asubuhi, kabla ya yote hayo, kulitokea jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa nimeshuka Malindi kiasi cha saa tano. Simu ilikuwa katika mfuko wa shati, ikiwaka, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuitumia kama saa. Nilisimama kwenye ukuta wa msikiti mdogo kujikinga na jua na kupanga nianzie wapi, posta au dukani. Ndipo ikalia.

Haukuwa ule mlio wa kila siku. Huu ulikuwa mzito, wa kupanda na kushuka, na kitu chenyewe kilitetemeka kifuani mwangu. Nikatazama jua: haikuwa saa yake. Niliitoa, na mkono wangu ukafanya kile tulichokuwa tukifanya Garsen kila jioni kwa mchezo. Nikabonyeza, nikaiweka sikioni, nikingoja ule ukimya wetu.

"Halo?" alisema mwanamke.

Niligeuka nikatazama nyuma yangu.

"Halo? Ni wewe?" Sauti ilikuwa karibu kabisa, kana kwamba amesimama upande wa pili wa ukuta. Nyuma yake kulikuwa na kuku, na maji yanamiminwa kwenye ndoo. "Leo imeita. Jamani, leo imeita! Siku zote yule mwanamke wa kwenye mashine ananiambia hupatikani. Kila asubuhi nampigia, kila asubuhi ananiambia hupatikani. Leo imeita yenyewe."

Nilijaribu kufungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, niliyokuwa nimeyapanga njia nzima: Mama, mimi simjui mumeo lakini tulimzika Minjila, alilazwa vizuri, hakuna mnyama aliyemgusa. Yalikuwa maneno mazuri. Mzee alikuwa amenipa nusu yake. Watu walipita mbele yangu wakiwa na mboga na mikate, na hakuna aliyenitazama.

"Uko wapi?" alisema, halafu papo hapo, haraka, akashusha sauti. "Usiseme. Usiseme, kama kuna watu karibu nawe usiseme kitu. Nimeambiwa wanawashika watu huko msituni, wakiongea wanapigwa. Niliwaambia. Niliwaambia kwamba umeshikwa, hujafa. Kama hawataki useme, pumua tu. Pumua nisikie."

Nilikuwa nimetembea kwa haraka kutoka stendi, kwenye joto lile, na moyo ulikuwa ukinidunda mpaka masikioni. Sikukusudia. Mtu hawezi kuacha kupumua.

"Nasikia," alisema. "Mungu wangu, nasikia." Alianza kulia, akajizuia, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. "Watoto wako shuleni. Nitawaambia wakirudi. Basi, usikate, ngoja kidogo. Kaka yako amekwisha leta turubai, unajua? Na viti. Wamesema Jumamosi tuweke matanga, imetosha, mwanamke hawezi kungoja hivi, watu wanasema. Mimi nilikataa, nikasema nitaweka matanga ya nani, nimemwona nani? Wakanilazimisha, nikakubali jana. Jana tu nilikubali." Alivuta pumzi. "Sasa nitamwambia aondoe turubai lake. Nitawaambia wote wasije."

Maneno yangu yalikuwa hapo, kwenye ulimi. Jumamosi ilikuwa baada ya siku mbili. Angelia, wangemshika, wangemfunga leso, na ingekuwa imekwisha.

"Sitachoka," alisema. "Wewe pumua tu, mimi nitangoja."

Na mimi, nimeegemea ukuta wa msikiti na simu ya mumewe sikioni, nikaendelea kupumua.